Upande wa Ukoka, Upande wa Kana

Kutoka barazani kwangu mpaka getini ni hatua ishirini na mbili. Nilizipima mwenyewe, kwa kamba na vigingi, wiki ile ile fundi alipomaliza kupaka rangi ukuta wa uwanja. Jirani aliyekuwa akipita aliniuliza kama naongeza chumba. Nikamwambia napima bustani. Akabaki amesimama, akisubiri nimalizie, kana kwamba bustani peke yake haiwezi kuwa jibu. Nikaendelea kupigilia vigingi vyangu.

Niseme kwanza mimi ni nani, maana bila hilo nitaonekana mtu aliyechezea majani kwa kukosa kazi. Niliondoka Bariadi na cheti cha kidato cha nne na begi moja lenye zipu mbovu. Dar es Salaam nilianza kwa kuosha vyombo katika hoteli ya ufukweni. Sikuwa na mjomba serikalini wala shangazi benki. Nilisoma jioni, mikono bado inanuka sabuni ya vyombo, mpaka nikapata stashahada ya usimamizi wa hoteli. Stashahada hiyo iko sebuleni kwenye fremu, mahali ambapo mgeni akikaa lazima aione. Nilipoacha kazi nilikuwa msimamizi wa mazingira yote ya hoteli, watunza bustani sita wakiwa chini yangu. Nyumba hii niliyorudi kuijenga Bariadi na mgahawa nilionao karibu na stendi vimetoka kwenye mikono hiyo hiyo. Kwa hiyo nikizungumzia majani na maua, sizungumzii kitu nilichokiona kwenye simu.

Chumba cha kwanza kuchorwa kwenye ramani ya nyumba kilikuwa cha mama yangu. Mama ni mjane, anaishi Mwandoya, analima pamba na ana ng'ombe wachache waliobaki wa marehemu baba. Magoti yamechoka, na presha inamtaka aonane na daktari kila mwezi. Nilitaka akae kwangu, si kuja kusalimia. Mara ya kwanza alikaa siku tisa akasema kuku wake watakuwa wameibiwa. Mara ya pili siku kumi na mbili, akasema kuna msiba. Msiba ulikuwepo, lakini marehemu hata mimi sikumfahamu. Nikajiambia shida ni uwanja. Nani atapenda kukaa mahali ambapo akifungua mlango anaona vumbi, na masika anaona tope jeusi linalovua watu viatu? Nikaamua mama akija mara ya tatu atakuta kijani kutoka barazani mpaka getini, kama pale hotelini wazee wa Kizungu walipokuwa wakikaa asubuhi nzima bila kudai chochote.

Mke wangu hakutaka majani. Alitaka kana, yale maua yenye majani mapana kama mgomba mdogo, yanayochanua mekundu na ya njano. Kana ukizipanda mara moja huhitaji kupanda tena. Mizizi inabaki chini na kila mvua inaleta machipukizi mapya. Tulibishana wiki nzima. Mwisho nikasema tufanye kama watu waliosoma: tugawe uwanja nusu kwa nusu, kushoto majani, kulia kana, tuangalie mwaka mmoja, kisha mshindi achukue uwanja wote. Akakubali haraka mno. Ilinipasa kujua hapo hapo kwamba ana hakika ya kushinda.

Majani niliyachagua kwa makini: ukoka wa bustani, wenye jani jembamba, ule ule wa hotelini. Rafiki aliyebaki kule alinifungia viroba vinne vilivyoloweshwa maji, vikaja kwa basi. Pale stendi mbeba mizigo alichungulia kiroba, akachomoa kipande, akakinusa.

"Mzee, huu si ukoka?"

"Ni ukoka wa bustani."

"Ukoka huu huu?" Akageukia wenzake. "Jamani, njooni! Mzee kalipia ukoka nauli kutoka Dar! Kwani wa mashamba ya Sola umeisha?"

"Labda wa Dar unajua Kiingereza," akasema mwingine.

Walicheka mpaka wakaketi juu ya mizigo ya watu. Nikapakia viroba vyangu garini. Mtu ambaye maisha yake yote ameuona ukoka kwenye shamba la pamba tu, ambako ni adui, huwezi kumweleza kwa dakika tano kwamba kuna mahali unalipwa mshahara kwa kuutunza.

Kana za mke wangu zilikuja kwa ndoo, kwa miguu. Masista wa parokia walikuwa wakipunguza zao wakampa mizizi bure, imejaa udongo, kama tangawizi zilizonenepa. Akaifukia kwa mistari mitatu, akanawa mikono, akaenda kupika. Mimi nilitumia siku nne. Nilichambua udongo, nikachanganya mchanga, nikapanda kipande kimoja kimoja kwa nafasi ya kiganja.

Mvua zilipokolea, sikatai, ukoka ulinipa heshima. Kufikia mwezi wa kwanza ulikuwa mkeka. Ukitembea pekupeku unazama kidogo, halafu unanyanyuliwa. Niliwaita watu waje waone. Walikuja, wakaona, wakaniuliza nyoka nimewafanyaje. Ukoka ukawa unataka kupunguzwa kila wiki. Nikamtafuta mtu, nikampa fyekeo, nikamweleza apunguze juu tu, nikaenda mgahawani. Niliporudi nilikuta amekwangua ukanda mzima kwa jembe, udongo mtupu, na majani ameyalundika nje ya geti.

"Nimekusafishia, bosi," akasema, jasho linamtoka. "Fyekeo lingeacha mizizi. Umekuwa ukidanganywa na watu wavivu."

Nilikaa chini. Kwa kweli nilikaa chini, pale pale kwenye udongo. Upande wa pili kana za mke wangu zilikuwa zimefika kiunoni, zimechanua, na hakuna mtu aliyekuwa amezigusa tangu siku ya kufukiwa.

Nikapanda ukanda ule upya. Ili jambo kama hilo lisirudie, nikazungushia upande wote wa ukoka nguzo na waya, nikatangaza kwamba hakuna mguu wa mtu wala wa mbuzi utakaoingia humo mpaka majani yakomae.

Mama alikuja mwezi wa sita, baada ya kuchuma pamba yake ya mwisho. Nilimchukua mwenyewe, na gari lilipoingia getini nilipunguza mwendo makusudi. Upande wa kulia, maua. Upande wa kushoto, kijani. Mama akatazama huku, akatazama huku. Akasema, "Aah." Nikaipokea kama sifa.

Asubuhi nilisikia ufagio. Nilipotoka nilimkuta ameinama, ameshafagia barazani, njia yote, na nafasi za katikati ya mistari ya kana. Alikuwa amesimama mbele ya waya, ufagio mkononi.

"Baba," akaniita, maana kwetu mama humwita mwanawe hivyo akiwa anampenda au anamshangaa, "hapa ni nani aliyeacha kulima?"

"Hakuna aliyeacha, mama. Nimepanda."

"Umepanda ukoka."

"Ndiyo."

"Mimi nimeng'oa ukoka tangu nimeolewa. Mgongo huu unaouona umepindwa na ukoka. Nimekusomesha kwa kung'oa ukoka." Akauelekeza ufagio kwenye waya. "Na wewe umeupanda mlangoni."

Nikamweleza kuhusu macho kupumzika, kuhusu vumbi. Alisikiliza kwa heshima. Kisha akanionyesha njia aliyoifagia. Mistari ya ufagio ilikuwa imelala sawasawa kwenye udongo, kama nywele zilizochanwa.

"Kwangu nikifagia jioni, asubuhi najua nani alipita. Mbwa, nyoka, mtu anayeburuza mguu. Najua nani alifika mlangoni akaona aibu kugonga. Hapo kwenye majani yako utasoma nini?"

Nikatazama saa, nikasema mgahawa unanisubiri. Nikawasha gari.

Kiangazi kikaingia. Hapa ndipo ulinganisho wangu ulipokuwa mgumu, na nitausema kama ulivyo. Kana zilichoka mwezi wa saba. Majani yakawa kahawia pembeni, yakakunjamana, na mke wangu akazikata zote mpaka chini bila huruma, akasema zimelala. Upande wake ukabaki udongo mtupu, na mama akaufagia wote kwa furaha. Ukoka wangu nao ungelala, lakini sikuukubalia. Maji ya bomba yalipokatika nilichota kwenye tanki, ndoo kwa ndoo. Vyungu vya mgahawa vilisubiri. Mtaa mzima ulikuwa rangi ya gunia, udongo umepasuka nyufa za kuingiza mkono, na katikati yake nusu ya uwanja wangu ilikuwa kijani hata ungeiona kutoka barabarani.

"Kaka, majani unayanywesha?" wapita njia waliniuliza juu ya ukuta.

"Nayamwagilia."

"Una ng'ombe wangapi?"

"Sina ng'ombe."

"Hata mbuzi?"

"Hata mbuzi."

"Haya, Mungu akutie nguvu." Na walikwenda wakigeuka nyuma mara mbili.

Mama hakusema tena juu ya ukoka. Alianza hata kuuangalia kwa namna nyingine. Alikuwa akiketi barazani akautazama kwa muda mrefu, mikono mapajani, nami nikajiambia: hatimaye. Alikuwa na rafiki mmoja tu hapa mjini, mama mmoja mzee wa nyumba ya tatu, mwenye ng'ombe wawili. Asubuhi moja, nikiwa natafuta ufunguo wa gari, mama akaniuliza waya ule nitaufungua lini.

"Yakishakomaa, mama. Kama mwisho wa mwezi wa tisa hivi."

Akaitikia kwa kichwa, ameridhika sana. "Umefanya vizuri, baba. Hata babu yako alifungua mwezi huo."

Nilisikia. Sikutafakari. Nilikuwa nimeupata ufunguo.

Mtu yeyote aliyezaliwa Meatu, Maswa au hapa Bariadi anajua ngitili. Wakati wa mvua unachagua eneo la majani karibu na nyumba, unalizungushia miiba, na tangu hapo hakuna mnyama anayeingia, wa kwako wala wa mwingine. Unayaacha mpaka kiangazi kikali, malisho yote yakiisha. Ndipo mwenye mji, yaani mwenye boma, anafungua, na wanaoingia kwanza ni ng'ombe waliozaa, ndama, na maksai wa kulimia. Ng'ombe wa mjane aliyekwama huingizwa bila kuombwa mara mbili. Mji wenye ngitili unaheshimiwa. Babu yangu alikuwa nayo, na mimi mwenyewe nilikaa juu ya kichuguu nikiilinda, fimbo mkononi. Nililijua hilo kabla sijajua kusoma. Nikazungushia majani waya, nikazuia miguu yote, nikayatunza mpaka kiangazi, nikatangaza na mwezi wa kufungua, na halikunijia kichwani hata mara moja.

Mwisho wa mwezi wa tisa nilikwenda Sola kununua mchele wa mgahawa, nikalala huko siku mbili. Nilirudi saa tisa alasiri. Geti lilikuwa wazi. Waya umekunjwa vizuri, umetundikwa kwenye nguzo. Juu ya ukoka wangu walikuwepo ng'ombe wawili, mbavu zao unaweza kuzihesabu, na ndama. Walikuwa wamekula mpaka kwenye mizizi. Pale nilipomwagilia asubuhi ya kuondoka kwato zilikuwa zimezama, zikaacha mashimo yaliyojaa mkojo.

Barazani mama alikuwa ameketi kwenye kiti changu, na yule rafiki yake, na wanawake wengine wawili wa mtaani, wanakunywa maziwa mgando kwa zile glasi zangu ndefu za hotelini. Mama alikuwa anacheka. Sikuwa nimesikia kicheko hicho tangu baba alipokuwa hai. Aliponiona alisimama, akaweka glasi chini.

"Mwadila, baba," akanisalimu kwa Kisukuma. "Nimekufungulia."

Yule rafiki yake naye akainuka, akapiga magoti kidogo kama mtu anayeshukuru harusini. "Mwanangu, Mungu akuzidishie. Ng'ombe wangu alikuwa amezaa na hawezi kuamka, tukimnyanyua anaanguka. Mama yako akasema, mwanangu ameweka ngitili, kila mtu ameiona. Jana tulimkatia majani, leo amesimama mwenyewe."

Hapo ningeweza kunyamaza. Nilipiga kelele. Nilisema wameniharibia mwaka mzima. Nilisema ile ni bustani, si malisho, na kwamba watu wasioelewa tofauti ya bustani na zizi wasiguse vitu vya watu walioelewa. Nilitaja stashahada. Sitaki kukumbuka niliitaja mara ngapi. Wanawake walikusanya kanga zao. Yule mama mzee aliwaswaga ng'ombe wake mwenyewe, polepole, kwa sababu mmoja bado miguu ilikuwa ikitetemeka, na mimi niliendelea kusema mpaka mkia wa ndama ulipopotea getini.

Mama alikuwa bado amesimama.

"Bustani ya kula nini?" akauliza.

"Si ya kula. Ya kuangalia."

"Ya kuangalia." Akatazama geti. "Na ng'ombe amelala nyumba ya tatu, wewe unaangalia majani."

Akaingia chumbani kwake. Nilisikia kabati likifunguliwa. Alipotoka kula alisema tu kwamba kesho anapanda basi la asubuhi la kwenda Mwandoya, na kwamba chumba ni kizuri sana, hana malalamiko. Mke wangu akasubiri mama ainuke, ndipo akasema, bila kuniangalia, "Kana zangu zimekatwa zote na hakuna aliyegombezwa." Kisha akaondoa sahani yangu kabla sijamaliza.

Kulipopambazuka nilichukua jembe. Sijui nilitaka kusema nini kwa jembe lile. Maneno nilikuwa nimeyamaliza jana yake. Nikaanza kukwangua kilichobaki cha ukoka, kuanzia barazani. Nilikuwa nimemaliza kama hatua tatu mama alipotoka, amevaa nguo ya safari, begi begani.

"Unafanya nini?"

"Naondoa. Uwe uwanja wa kufagia."

Alisimama akiniangalia. Niliinua jembe, nikalishusha. Niliinua, nikalishusha. Basi la Mwandoya haliwasubiri watu, na yeye alijua.

"Unakwangua kama mtu anayenyoa," akasema mwishoni. "Ukoka haukwanguliwi, unachimbwa. Ukiacha kifundo kimoja chini, mwezi ujao umerudi wote. Hayo hamkufundishwa?"

"Sisi tulifundishwa kuuotesha."

"Ndiyo maana." Akatua begi barazani, akajifunga kanga kiunoni. "Lete hapa hilo jembe. Shika lile jingine. Na usikate, fuata mzizi unakokwenda."

Tulichimba mpaka jua likawa kali, magoti yake yakakataa, akahamia kwenye kiti akawa ananielekeza kwa ufagio. Ukoka tuliouchimba hatukuutupa. Nilijaza mikokoteni miwili, nikauhamishia nyuma ya nyumba, kwenye kiwanja nilichokuwa nimekipanga kwa ajili ya gereji, nikaupanda pale na kuuzungushia ule ule waya. Saa kumi nilikwenda nyumba ya tatu kuomba radhi. Yule mama mzee alikuwa anapepeta. Nikamsalimu, akaitika, akaendelea kupepeta. Nikasema nilichokuja kusema, na kwamba mwakani ngitili itakuwepo nyuma ya nyumba, na ng'ombe wake ndiye atakayeingia kwanza.

"Ataruhusiwa kula," akauliza, "au ataangalia tu?"

"Atakula, mama."

"Basi nimesikia." Akapuliza makapi upande wangu, nadhani kwa makusudi.

Kwa hiyo anayeniuliza kipi bora, majani au kana, nitamjibu kwa uzoefu na si kwa kubahatisha. Mvua zilipoanza kana ziliamka zenyewe kwenye udongo mtupu, mstari ule ule, safari hii zikiwa nyingi zaidi, na mke wangu hajafanya lolote isipokuwa kunitazama. Kana hukaa ulipoiweka. Mama anafagia katikati yake bila ugomvi. Kwa uwanja wa mbele, katika udongo huu na kiangazi hiki, na kati ya watu hawa, kana imeshinda, na nimeliandika hilo kwa mkono wangu mwenyewe.

Ukoka nao ulirudi. Pamoja na kuchimba kote kule, ulichomoza katikati ya uwanja uliofagiwa, kwenye njia, chini ya ngazi, nyuzi nyuzi za kijani. Mama aliuona kabla yangu. Sasa kila asubuhi anafagia, anasoma nyayo zake, halafu anakaa kwenye kigoda na kuung'oa, kifundo kwa kifundo, akilalamika kwa sauti ambayo rafiki yake wa nyumba ya tatu anaisikia na kuja kulalamika naye. Mwezi wa kumi na moja alisema ataondoka ukoka ukiisha. Mwezi wa kumi na mbili alisema hivyo hivyo. Kliniki hajakosa hata mara moja.

Jioni huwa namwagilia kana, ingawa mke wangu anasema hazihitaji. Maji yanayobaki kwenye ndoo nayamwaga uwanjani, hapa kidogo, pale kidogo, nikielekea barazani. Mke wangu ameniona. Amegeuka kuangalia kana zake.

"Baba," mama aliniita juzi, ameinama, ngumi imejaa mizizi, "hili jani lako la Dar lina laana gani? Jana nilimaliza upande huu wote."

Nikamwambia ni udongo.